Yule ndege alirudia?

GOMA – Kijana mmoja anayechaji simu za watu karibu na barabara inayoshuka ziwani ana tabia ambayo majirani wameizoea. Wenzake wa kazi hiyo wanaweka rumba, wanaweka nyimbo za kanisa, siku ya mechi wanaweka mechi. Yeye, saa za jioni, wateja wakiisha kupungua, anaunganisha simu yake na redio ndogo na kuweka muziki wa Wazungu usio na mwimbaji. Unachukua zaidi ya dakika 40. Kuna filimbi, gitaa, vinanda, ngoma, lakini hakuna neno hata moja.

Jioni moja mama anayeuza mandazi ng'ambo ya barabara alikuja kuchukua simu yake. Mama huyo ni mhami wa vita, alitoka upande wa Masisi na watoto wanne. Simu ilikuwa haijajaa bado. Akakaa juu ya bidoni, akasikiliza kidogo, akauliza:

"We kijana, huyu mwenye kuimba ataanza saa ngapi?"

"Hakuna mwenye kuimba, mama. Ni hadithi."

"Hadithi bila mdomo?"

"Ni hadithi ya ndege mweupe. Upepo ulimpoteza njia, watu wakampiga risasi. Mtu mmoja akamtunza mpaka akapona. Halafu akaenda zake."

Mama akaitazama redio kama vile inamficha kitu. "Na alirudia?"

Kijana akamwambia angoje, jibu liko upande wa pili.

Kwenye simu, neno hilo halina maana. Muziki wa simu hauna upande wa kwanza wala wa pili, unatiririka tu mpaka betri izime. Lakini kijana alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana albamu hiyo ilitengenezwa mwaka wa 1975, wakati muziki ulikuwa unakaa juu ya diski kubwa nyeusi inayozungushwa chini ya sindano, ile ambayo Watanzania wanaiita santuri. Diski ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulibeba dakika 20 hivi, kisha sindano ilifika katikati na muziki ukakatika. Mtu alipaswa kusimama, kwenda kwenye mashine, kugeuza diski na kuweka sindano upya. Wazee wa Kongo wanakumbuka jambo hilo vizuri. Kwenye diski ndogo za rumba wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno yalianzia upande wa kwanza, na mara nyingi sebene lenyewe lilimngojea mtu upande wa pili. Asiyegeuza diski hakucheza.

Albamu ya kijana inaitwa The Snow Goose, yaani bata bukini wa theluji. Theluji, kwa asiyeijua, ni ile nyeupe inayoonekana juu ya mlima Ruwenzori siku ambayo mawingu yamefunguka. Waliopiga muziki huo ni kundi la Waingereza wanne lililojiita Camel, yaani Ngamia, lililoanza mwaka wa 1971 katika mji wa Guildford, kusini mwa London. Andrew Latimer alipiga gitaa na filimbi. Peter Bardens alikuwa kwenye vinanda, Doug Ferguson kwenye besi, Andy Ward kwenye ngoma. Muziki wote uliandikwa na wawili wa kwanza.

Miaka ile vijana wengi wa Uingereza walichoka na wimbo wa dakika tatu wa mapenzi. Walitaka roki iweze kubeba hadithi ndefu, yenye sura nyingi, kama zinavyofanya orkesta kubwa za simfonia. Hapa neno orkesta linaweza kuchanganya. Mkongomani akisikia orkesta anafikiri TPOK Jazz ya Franco: magitaa, tarumbeta, waimbaji wamepanga mstari. Orkesta ya simfonia ni watu wengi sana wenye vinubi, fidla na vyombo vya kupuliza, wamekaa kimya mbele ya mtu mmoja anayewaongoza kwa fimbo ndogo. Makundi ya roki yalitaka ukubwa huo, na mengine yalipotelea humo humo. Yalipiga haraka kupita kiasi, yakaonyesha vidole vyao badala ya kusimulia, yakaimba maneno ambayo hata Mwingereza mwenyewe hakuyaelewa. Camel walikuwa watu wapole zaidi. Walitafuta kitabu cha kufuata, wakafikiria vitabu vya Mjerumani Hermann Hesse, mwishowe wakachagua kitabu kidogo sana ambacho mtu anaweza kukimaliza kabla maharagwe hayajaiva.

Kitabu hicho kiliandikwa na Mmarekani Paul Gallico. Alikuwa mwandishi wa habari za michezo kwenye gazeti la Daily News la New York kabla ya kugeukia hadithi. The Snow Goose ilitoka kwanza ndani ya gazeti la Saturday Evening Post mwaka wa 1940, ikawa kitabu mwaka wa 1941. Tarehe hizo zina uzito. Mambo anayoyasimulia mwishoni mwa hadithi yalitokea mwezi wa tano na wa sita wa mwaka huo huo wa 1940. Alikuwa anaandika juu ya vita ambayo moshi wake haujatawanyika, na hakuna aliyejua bado nani atashinda.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika pwani ya Essex, mashariki mwa Uingereza, kuna kinamasi kikubwa, majani na matope mpaka baharini, na hakuna watu. Pembeni yake kuna mnara wa zamani wa taa, ile taa ya kuongoza meli usiku, lakini ulikwisha kuachwa. Mwanaume mmoja anaununua na kuishi humo peke yake. Anaitwa Rhayader. Ana kibiongo mgongoni, na mkono wake mmoja umejikunja kama kucha ya ndege. Anachora picha, anaendesha mashua yake ndogo vizuri, anapenda ndege wa porini. Watu wa vijiji vya jirani wanamwogopa, naye ameacha kuwatafuta. Kuzunguka mnara ametengeneza kimbilio: ndege wanaoruka kutoka kaskazini wanatua hapo, na mwindaji haruhusiwi kupiga risasi.

Siku moja msichana wa kijiji cha wavuvi, Fritha, mwenye miaka kama 12, anafika mlangoni anatetemeka. Anamwogopa mtu huyo, lakini amesikia kwamba anaponya wanyama. Mikononi ana ndege mkubwa mweupe mwenye damu. Rhayader anamtambua mara moja: huyu si ndege wa huku. Alizaliwa mbali kaskazini, Kanada. Alipokuwa anaruka kwenda kusini na wenzake, dhoruba ilimkamata na kumsukuma ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpaka nchi asiyoijua. Na alipoona ardhi, alipofikiri amepona, mwindaji akampiga.

Mhami yeyote atatulia hapo kidogo. Si dhoruba iliyomjeruhi ndege huyo. Alijeruhiwa mahali alipokimbilia.

Camel walichukua hadithi hiyo wakaigawa katika vipande 16. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1975 waliingia studio mjini London pamoja na mtayarishaji David Hitchcock. Sehemu za orkesta zilipangwa na David Bedford. Mwezi wa nne albamu ikatoka kwa kampuni ya Decca. Upande wa Gallico haukufurahi: walilalamika kisheria juu ya kutumia jina la kitabu, na ndiyo maana jalada linasema ni muziki uliotokana na The Snow Goose, si The Snow Goose yenyewe. Haikuwazuia wanunuzi. Albamu ilifika nafasi ya 22 kwenye orodha ya Uingereza, jambo zuri sana kwa diski isiyo na mtu wa kuimba, na tarehe 17 mwezi wa kumi wa mwaka ule ule kundi liliipiga yote mbele ya watu ndani ya Royal Albert Hall, London, pamoja na orkesta kubwa ya London Symphony.

Inaanza na kinamasi. Sauti za ndege kwa mbali, kinanda kinapanda polepole kama ukungu wa asubuhi, na hakuna binadamu bado. Halafu inakuja filimbi ya Rhayader. Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba shujaa ni mtu mwenye kibiongo anayeogopwa na kijiji kizima angengojea muziki mzito wa huzuni. Latimer hakufanya hivyo. Filimbi ya Rhayader ni nyepesi, inatembea kama mtu anayekwenda kuteka maji asubuhi na hana deni na mtu. Kipande kinachofuata, Rhayader anapokwenda mjini kununua vitu, ndicho kina gitaa kali, kelele na kusukumana. Kwa hiyo albamu inasema, bila kusema, kwamba ubaya hauko ndani ya mtu huyo. Uko sokoni, kwenye macho ya watu. Mwimbaji angehitaji mistari mitano kueleza hilo, na pengine angeharibu.

Fritha amepewa kipande kifupi sana, chenye sauti ya woga. Ndege mweupe anakuja na gitaa la taratibu, noti ndefu zinazoshikwa hewani. Urafiki wa wale wawili umeachwa kwa vyombo vya kupuliza vya mbao, vinafukuzana kama bata wadogo nyuma ya mama yao, na watoto wanaosimama karibu na meza ya kijana hucheka wakifika hapo. Halafu ndege anaondoka. Mwezi wa sita ndege wa kaskazini wote wanarudi kwao, na bata mweupe, bawa likiisha kupona, anaruka nao. Kipande hicho kinaitwa Migration. Hapo sauti za watu zinasikika, lakini hazisemi neno, zinapaa tu pamoja na ngoma.

Safari za namna hiyo si kitu kigeni hapa. Mbayuwayu wanaoonekana juu ya mashamba ya Kivu miezi ya baridi ya Ulaya ni ndege wa Ulaya, wanapita au wanakaa, kisha wanarudi kujenga viota kule. Watoto wanawajua bila kujua walikotoka.

Baada ya Migration upande wa kwanza unamalizika na Rhayader akiwa peke yake. Filimbi ile ile nyepesi ya mwanzo imegeuka kinanda na gitaa, polepole, kama mtu anayeita jina ndani ya nyumba tupu. Hata Fritha haji tena, maana alikuwa anakuja kumwona ndege. Halafu sindano inafika katikati ya diski. Kimya.

Hapo ndipo diski ilifanya kazi ambayo simu haiwezi. Mtu wa mwaka wa 1975 aliyekuwa anasikiliza nyumbani kwake aliachwa na mtu huyo mpweke, na ndege yuko mbali, na hakuna muziki. Alipaswa kuinuka mwenyewe. Kama alikuwa amechoka, au mtoto analia, au umeme umekatika, ndege hakurudi siku hiyo. Kurudi kwake kulikuwa mkononi mwa msikilizaji. Pengine Latimer na Bardens hawakupanga yote hayo, pengine ni hesabu ya dakika tu, lakini imekaa vizuri kuliko vitu vingi vilivyopangwa.

Upande wa pili unaanza na ndege anaruka. Noti za kinanda zinazunguka haraka, gitaa linaingia juu yake, na hata asiyesoma kitabu anaelewa. Amerudia.

Kijana alimwonyesha mama kidole juu: "Umesikia? Ndiye huyo." Mama akaitikia kwa kichwa, bila kusema.

Katika kitabu ndege anarudi mwezi wa kumi, anaondoka tena, anarudi tena, miaka inapita. Mwaka wa 1940 wenzake wanapaa kwenda kaskazini, naye anapaa nao kidogo, anazunguka, anashuka. Amechagua kubaki. Rhayader anamwambia Fritha kwamba sasa ndege ana kwake hapa. Fritha amekua, si mtoto tena, anaelewa kwamba maneno hayo hayamhusu ndege peke yake, anaogopa na kukimbia. Ni mahali ambapo Gallico ametia sukari nyingi, na msomaji mgumu anaweza kufunga kitabu. Kwenye albamu sukari hiyo imeyeyuka, kwa sababu gitaa haliwezi kutoa hotuba.

Halafu vita inafika. Mwisho wa mwezi wa tano wa 1940 maaskari wa Uingereza na wenzao walikuwa wamezungukwa na Wajerumani kwenye ufuko wa Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa. Meli kubwa hazikuweza kukaribia kwa sababu maji ni mafupi. Maaskari walisimama mistari mirefu ndani ya bahari, maji mpaka kifuani, wakingoja. Uingereza ikatafuta mashua ndogo za kila aina, za wavuvi, za watalii, za watu wa kawaida. Mamia ya mashua hizo zilivuka, zingine zikachukua watu ufukoni na kuwapeleka kwenye meli zilizongoja mbali. Kati ya tarehe 26 mwezi wa tano na tarehe 4 mwezi wa sita waliokolewa maaskari zaidi ya 338,000. Aliyewahi kuvuka ziwa Kivu kutoka Minova usiku, kwenye mtumbwi uliojaa watu na mizigo, hahitaji kuelezwa mashua ndogo ni nini wakati barabara imefungwa.

Rhayader anasikia habari, anachukua mashua yake na kwenda. Mtu ambaye kijiji kilimkimbia anakwenda kubeba watu asiowajua, saba kwa mara moja, anarudi, anabeba saba wengine, na juu yake ndege mweupe anazunguka. Maaskari wanaanza kusema kwamba anayemwona ndege huyo atapona.

Kiswahili hapa kina tabu yake. Lugha nyingine zina neno moja la kiumbe mwenye manyoya na jingine la chombo kinachoangusha mabomu. Kiswahili kinasema ndege, basi. Juu ya Dunkirk walikuwepo wote wawili kwa wakati mmoja, ndege za Wajerumani na ndege mweupe, na anayesimulia hadithi hii mbele ya watu waliokimbia milipuko lazima achunge mdomo. Kijana aliposema "ndege yuko juu yao, anazunguka," mtoto wa mwisho wa mama alitazama angani. Ikabidi kijana aongeze: ndege wa mabawa, si avio.

Kipande cha Dunkirk kinapigwa kama mwendo wa maaskari waliochoka, hatua moja, hatua nyingine, vyombo vinaongezeka mpaka orkesta nzima iko ndani. Ni kizuri, na watu wengi wanakipenda kuliko vyote. Lakini kina kasoro: kimepangika mno. Kukimbia hakuna mstari ulionyooka namna hiyo. Dakika tano za hatua za pamoja ni vita iliyotazamwa na mtu aliye juu ya kilima. Waliokuwa ndani ya maji wangeweka kimya kingi zaidi, na kelele ambazo hazikujipanga.

Mashua ya Rhayader inakutwa baadaye ikielea, naye amekufa ndani yake kwa risasi, na ndege mweupe amekaa pembeni anamlinda. Mashua inazama. Ndege anarudi kwenye mnara, anazunguka juu ya Fritha, na binti anaelewa kwamba amekuja kuaga na hataonekana tena. Camel wamemwekea Rhayader kipande cha kaburi, baridi, chenye kengele, kisha Fritha peke yake kwenye piano. Hapo albamu iko mahali pake pa juu kabisa. Hakuna ngoma. Ni ule wimbo mdogo wa msichana mwoga wa upande wa kwanza, lakini sasa mwenye kuupiga ni mtu mzima. Anayetaka kujua vita inamfanya nini mtoto wa miaka 12 asikilize vipande hivyo viwili kimoja baada ya kingine.

Kisha ndege anapewa wimbo mkubwa wa kuaga, unaobeba jina ambalo Rhayader alimpa kwa Kifaransa, La Princesse Perdue, binti wa mfalme aliyepotea. Na mwisho kabisa kinamasi kinarudi, kama mwanzo.

Kuna kitu kimeachwa. Katika kitabu, baada ya yote hayo, rubani wa Kijerumani anaona ule mnara wa zamani, anafikiri ni kituo cha kijeshi, anaupiga mabomu. Picha zote ambazo Rhayader alichora zinaangamia. Bahari inavunja kingo na kufunika mahali pale. Kwenye albamu hakuna kipande chenye jina la tukio hilo. Kinamasi kinarudi tu, ndege wanalia, na mnara haupo wala haukuangushwa. Anayesikiliza akiwa na nyumba yake anaweza kuona ni busara kuacha hivyo. Aliyepata habari kwa simu kwamba bati za nyumba yake zimetolewa na shamba lake linalimwa na wengine atauliza kwa nini nyumba haikuliliwa. Msikilizaji wa namna hiyo ana haki. Kifo cha mtu kimepewa vipande vitatu, na nyumba haikupewa hata noti moja.

Pengine Latimer mwenyewe alibaki na deni hilo moyoni, maana albamu zake za baadaye zimejaa watu waliopoteza kwao. Mwaka wa 1981 Camel walitoa Nude, iliyotokana na habari ya askari wa Japani Hiroo Onoda, aliyebaki porini Ufilipino mpaka 1974 bila kukubali kwamba vita imekwisha. Mwaka wa 1984 ilifuata Stationary Traveller, juu ya Berlin iliyogawanywa na ukuta. Mwaka wa 1991 walitoa Dust and Dreams, kutoka kitabu cha John Steinbeck juu ya wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na ukame na mabenki. Na mwaka wa 1996 Harbour of Tears, juu ya bandari ya Cobh nchini Ireland, ambako watu wengi waliopanda meli kwenda Marekani waliona nchi yao kwa mara ya mwisho. Si kawaida kwa kundi la roki kurudia jambo moja namna hiyo.

Bardens alikufa mwaka wa 2002. Latimer aliugua ugonjwa mzito wa damu, akabadilishiwa uboho, na kwa miaka mingi hakupanda jukwaani. Aliporudi mwaka wa 2013, angeweza kuchagua albamu yoyote. Alichagua ile ya ndege. Aliirekodi upya yote, na mwezi wa kumi akaipiga London mbele ya watu, kuanzia kinamasi mpaka kinamasi.

Kwenye meza ya kuchajia simu, giza lilikuwa limeingia muziki ulipokwisha. Kijana alimsimulia mama ile sehemu ambayo haimo kwenye albamu, mabomu na mnara. Mama aliuliza kama hakuna kitu kilichopona. Kijana akasema kilipona kimoja: Fritha alikuwa amekwisha kuchukua picha moja, ile aliyochorwa yeye mwenyewe akiwa mtoto, amempakata ndege mwenye damu.

"Picha?" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyumba nzima, anabeba picha! Angebeba sufuria."

Akalipa franga zake, akachukua simu, akaitazama: ilikuwa imejaa. Hakuondoka. Akarudi kukaa juu ya bidoni, akamwomba kijana arudishe ule wimbo wa filimbi, wa yule baba kabla watu hawajamsumbua.